Kambare dume anayepepea mapezi pangoni: usimtoe kwanza

Ndugu, umesema kambare wako mwenye ndevu amejifungia ndani ya kifuu cha nazi tangini tangu juzi, hatoki hata kula, na mapezi ya kifuani anayapepea mfululizo. Kuna aliyekushauri umtoe umtie kwenye beseni la maji ya chumvi kwa kuwa "anakata roho". Usimtoe. Kwa maelezo yako, huyo analinda mayai.

Hawa kambare wenye ndevu, Ancistrus, nawafuga hapa Tudor, Mombasa, miaka sasa, na dume akiwa mleaji ndivyo anavyokuwa. Asili yao ni mito ya Amerika Kusini, na kwao baba ndiye yaya. Jike huingia pangoni, hutaga kishada cha mayai ya rangi ya machungwa yaliyogandamana, kisha hufukuzwa. Dume hubaki kuziba mlango kwa mwili wake.

Wengi hudhani anajipepea mwenyewe. Hapana, anayapepea mayai. Yeye akibanwa na pumzi anaweza kupanda juu akameza funda la hewa, uwezo huo wanao. Yai litakwenda wapi? Ndani ya kifuu maji yametuama, mayai yamebanana, na yale ya katikati yatakosa oksijeni kama hakuna wa kuyasukumia maji mapya. Mapezi hayo hayo huzuia taka zisitue juu yake. Ukichungulia kwa subira utamwona pia akiyapitia kwa mdomo, anayaondoa yaliyokufa kabla ukungu mweupe haujahamia kwa yaliyo hai.

Nikitaka kujua kama ni ulezi au ni maradhi, huyo anayelalamikiwa humtazama mwisho. Naanza na wenzake. Gapi, wale samaki wadogo wa tangini, wakiwa wamejipanga usoni mwa maji wanahema, shida ni ya tangi zima. Wakiwa wanacheza kama kawaida na ni mmoja tu anayepepea, tena yuko shimoni na anamfukuza kila anayesogea, tulia. Mgonjwa hapepei hivyo: hukaa popote, pengine hadharani kwenye kioo, mapezi kayabana mwilini na matamvua yanakwenda mbio. Kuna na dume kijana anayepepea pango tupu. Huyo anasafisha nyumba akitarajia mgeni wa kike, usimcheke.

Aliyeandika kwamba "kambare hafi kwa kukosa hewa" anamzungumzia kambare wa bwawani, Clarias, mwenye kiungo maalumu cha kuvutia hewa ya juu. Usimchanganye na huyu. Corydoras, kambare mwingine mdogo wa tangini, naye ana lake: hukimbia juu mara moja moja, akameza hewa na kuitumia tumboni, na mayai yake huyabandika kioo akaenda zake. Ukimwona Corydoras anapepea mapezi muda wote, usisingizie ulezi.

Sasa tuje kwa hali yetu ya Mombasa, maana hapa ndipo mambo huharibika. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita; yakifika 30, hubaki kama 7 na nusu, na joto hilo hilo humfanya samaki ahitaji zaidi. Wakati wa kaskazi, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi hufika huko bila kupashwa na kitu. Kisha stima ipotee usiku. Dume wangu nikimwona ameongeza kasi kuliko jana, huangalia pampu ya hewa kabla ya kumwangalia yeye. Kuwa na pampu ndogo ya betri. Kama huna, chota maji kwa kikombe uyamwage tangini kutoka juu, urudie rudie. Feni iliyoelekezwa usoni mwa maji hupunguza joto kidogo, ingawa unyevu wa pwani huipunguzia nguvu. Barafu usitupie humo ghafla.

Na usibadilishe maji mengi sasa. Ya mfereji yana klorini, yalaze kwenye ndoo kwanza. Ya kisima cha mtaani yaonje, mengi yana chumvi.

Mayai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 10 kutegemea joto. Ukitaka hakika, mulika kwa tochi ya simu mara moja, kwa pembeni, basi. Dume wa mara ya kwanza akisumbuliwa huyatupa nje. Yakitupwa, yaokote uyaweke kwenye chombo kinachoelea humo tangini, jiwe la hewa, lile la kutoa viputo vya pampu, karibu yake, na meupe uyaondoe. Vitoto vikianguliwa hubaki vimejibandika kwenye kifuu siku kadhaa vikila kiini chao, na baba huendelea kupepea. Vikianza kutoka, vipe mchicha uliotiwa maji moto na kipande cha tango, na mdomo wa chujio uufunike sponji, la sivyo litavinyonya vyote.