Barua kwa mwanangu: sheria ikilegezwa baada ya saini

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, kwa ajili ya rafiki yako, iwapo mshtakiwa aliyekiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka, wakapatana na muda wa kifungo, hunufaika sheria ya adhabu inapolegezwa baadaye, ama saini yake imekwisha kumfunga. Kwa kawaida imemfunga, isipokuwa sheria mpya itamke kwamba inawagusa hata waliokwisha kuhukumiwa. Na hapo napo mlango unaofunguka ni mwembamba.

Chukua shauri la Hughes, mshtakiwa aliyekiri kwa makubaliano kama hayo, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018. Pande mbili zilipatana miezi 180, wakati mwongozo wa adhabu, yaani viwango ambavyo jaji huviangalia kabla ya kuhukumu, ulielekeza miezi 188 hadi 235. Baadaye mwongozo ulipunguzwa, punguzo likaruhusiwa kuwafikia hata waliokwisha kuhukumiwa, na kiwango kikawa miezi 151 hadi 188. Serikali ilidai kwamba miezi 180 ilizaliwa na mapatano, wala si mwongozo. Majaji sita kati ya tisa walikataa, kwa kuwa jaji huyapima mapatano kwa mwongozo kabla ya kuyapokea, na hivyo mwongozo huhesabiwa kuwa msingi wa adhabu, ila ikidhihirika kwamba angetoa adhabu ileile bila kuujali. Naona walisema kweli: nani angekubali miezi 180 bila kujua angepata mingapi akishindwa? Hata hivyo walimpa Hughes haki ya kuomba punguzo tu. Kupunguza kulibaki hiari ya jaji. Siku hiyohiyo, katika shauri la Koons, mahakama iliwanyima nafuu watu ambao adhabu zao zilitokana na kiwango cha chini cha lazima, yaani kifungo ambacho sheria hairuhusu jaji kushuka chini yake kwa kawaida, na msaada walioipa serikali.

Uzito mkubwa zaidi wa sheria kulegezwa, lakini, uko kabla ya saini. Mwendesha mashtaka hujadiliana akitegemea adhabu anayoweza kuiomba mshtakiwa akitiwa hatiani. Kiwango cha chini cha lazima kikishushwa, anachokitoa hupungua thamani, na mshtakiwa anayelijua hilo hana haraka ya kukiri. Mwendesha mashtaka naye hujikinga kwa kutia sharti kwamba mshtakiwa hataomba punguzo hata sheria ikibadilika. Sharti hilo ndilo ninalolitafuta kwanza nikipewa makubaliano ya mtu.

Kwa huyo rafiki yako, basi, nitumie nakala ya makubaliano pamoja na kumbukumbu za siku ya hukumu, maana maneno aliyoyasema jaji alipoyapokea yanaweza kuwa na uzito kuliko yaliyotiwa saini.

Baba yako