Barua kwa mwanangu: Padre aliyekanyaga

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniuliza swali la mstari mmoja. Padre Rodrigues wa kwenye Silence, riwaya ya Shusaku Endo juu ya Wakristo walioteswa Japani, alitenda dhambi alipoikanyaga sura ya Kristo kuonyesha kuwa ameikana imani? Unasema wenzako hapo Wete wamegawanyika, na kwa kuwa Mkatoliki ni wewe peke yako, wanataka jibu la Kanisa litoke kwako.

Kabla ya yote nataka kujua mmezungumzaje. Mlianza na kitabu au mlianza na hukumu? Unanijua na usemi wangu: msimamishie mwenzako hoja yake kwanza, isimame kwa miguu yake, ndipo uiguse. Si adabu ya barazani tu. Ndivyo alivyofanya kazi Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa teolojia wa Kanisa letu. Fungua kitabu chake, Summa Theologiae, popote utakapo: kila kipengele kinaanza na hoja za upande wa pili, kisha neno moja la kuzizuia, kisha jibu lake, halafu anazirudia zile hoja moja moja. Alipouliza kama Mungu yupo aliweka hoja mbili tu za kukataa, na ya kwanza ni uovu uliomo duniani. Hakuipunguza makali hata kidogo. Tena humo ndani anajadiliana na wanafalsafa wa Kiislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd, na huyu wa pili anamwita Mfafanuzi, basi, kwa kuwa wasomaji wake walijua ni nani aliyemfafanua Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani. Waambie hayo wenzako. Marhumu jirani yetu aliyapenda sana.

Na hapo kwa jirani ndipo moyo unaponiuma. Unaukumbuka usiku ule, kahawa na kashata, wewe uko skuli bado na kitabu umekimaliza siku ile ile. Uliniuliza swali hili hili. Nikakujibu pale pale: dhambi, maana Bwana amesema atakayemkana mbele ya watu naye atamkana mbele ya Baba yake. Mzee akaweka kikombe chini, akaanza kutusimulia habari za Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka maneno ya kukana, akaenda kwa Mtume analia, akaulizwa anauonaje moyo wake, akasema umetulia katika imani. Akataja na aya ya Sura An-Nahl, inayomtoa lawamani aliyelazimishwa kukana hali moyo wake umetulia katika imani. Nikamkatiza. Nikamwambia, hayo ni ya kwenu. Kesho yake alikuja kama kawaida, akakaa pale pale pake, lakini hoja ya dini hakuniletea tena mpaka anaingia kaburini.

Ningemwacha amalize, ningekumbuka kwamba kesi ile na sisi tunayo. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua vyeti vya kuonyesha kuwa wametoa, na hawakutoa kitu. Mateso yalipopungua wakataka kurudi. Novatian, padre wa kule Roma, alisema mlango umefungwa. Sipriani, askofu wa Karthago, Mwafrika mwenzetu, alisema warudi kwa toba, na aliyenunua cheti asipimwe sawa na aliyechoma uvumba. Na yeye Sipriani alikatwa kichwa mwaka 258, kwa hiyo hakuna awezaye kusema alikuwa akiutetea woga wake. Habari hii haifanani moja kwa moja na ya Ammar. Kwetu tendo linabaki zito, linalotazamwa ni lawama ya mtu. Lakini ilikuwa ya kuwekwa mezani karibu na ile ya mzee, zitazamwe pamoja, nami nilikifunika kikapu.

Sasa kazi yenyewe. Lichaneni swali lenu vipande vitatu, na msikubali mtu aruke kutoka kipande kimoja kwenda kingine bila kusema.

Kwanza ukurasa unasema nini. Tazameni namna kitabu kilivyojengwa: sura nne za kwanza ni barua za Rodrigues mwenyewe, tunasikia kila anachowaza. Akishakamatwa, msimulizi mwingine anashika hadithi, na mwishoni tunabaki na shajara za watu wa nje, karani wa Kiholanzi na ofisa wa serikali. Anavyozidi kuingia kwenye jaribu ndivyo sauti yake inavyotutoka. Someni kwa sauti usiku ule wa gerezani. Yumo gizani, vidole vyake vinapapasa maneno ya Kilatini yaliyochongwa ukutani, Laudate Eum, Msifuni. Nje anasikia mtu anakoroma, anadhani ni mlinzi, anaona kama kichekesho. Ndipo Ferreira, mwalimu wake aliyekwisha kuikana imani, anamwambia si mkoromo, ni kilio cha wakulima walioning'inizwa kichwa chini shimoni. Nao wamekwisha kukana. Hawatatolewa mpaka yeye akanyage. Msomaji akilipita hilo haraka, mjadala wote unaharibika, maana atadhani padre anaokoa ngozi yake.

Pili ni tendo. Hapa Kanisa lina vipimo vitatu: jambo lenyewe lililotendwa, nia, na mazingira. Nia njema haiwezi kuligeuza tendo baya likawa jema. Tatu ni mtu, na hapo vipimo ni vingine: jambo liwe zito, alijue vyema, aliridhie kwa hiari. Katekisimu ya 1992, namba 1735, inasema wazi kwamba hofu na kulazimishwa huweza kupunguza lawama, hata kuiondoa. Nina hakika nusu ya ugomvi wenu ni huu: mmoja anazungumza juu ya tendo, mwingine anamtetea mtu, na kila mmoja anadhani mwenzake ni kiziwi.

Utasema basi nimekwisha kujibu, hana lawama. Ngoja. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa kukataa kuikana imani, na Kizito alikuwa mtoto. Nikisema kwa wepesi kwamba kukanyaga si kitu, wale nawaambia nini? Lakini wao walitoa miili yao. Rodrigues alitakiwa kutoa miili ya wengine. Lakini tena, mtesaji ndiye anayewaua wale wakulima, si padre. Lakini vilio anavisikia padre. Nazunguka hivi tangu usiku ule, mwanangu, na mizani imekwisha kuinama upande mmoja. Ulimi unaniwasha. Sikuambii, maana utaingia barazani na jibu la baba yako mfukoni, na atakayesema kinyume utamkatiza kama nilivyomkatiza mzee. Wewe mwenye upande wako, kwanza msimamishie hoja mwenye upande wa pili, mbele yake, mpaka akiri kuwa umeisema vizuri kuliko yeye. Mkishafika hapo, nipigie, nitakuambia.

Jambo moja dogo. Katika ujumbe wako hukumtaja Kichijiro, yule Mjapani wa humo kitabuni. Yule anakana, anarudi kuungama, anakana tena, anarudi tena, mpaka padre anamwona kinyaa. Na mwishowe, padre akishakanyaga, ni Kichijiro anayekuja mlangoni kuomba maungamo, kwa padre aliyeanguka kama yeye. Wiki ijayo anzeni na huyo, padre atasubiri.

Mama yako anakusalimu. Leso zako atazipakia kwenye boti ya Jumamosi.

Baba yako