Wale waliomrushia viatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, anayekataa kushika bunduki anaweza kuitwa shujaa wa vita? Mimi nasema ndiyo, na namleta Desmond Doss, Mmarekani Msabato aliyezaliwa Lynchburg, Virginia, mwaka 1919.

Wengi hudhani alikuwa akikwepa vita. Sivyo. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha meli, na kazi hiyo ingetosha kumwepusha na jeshi, lakini hakutaka. Alichokataa ni kuua, kwa ajili ya amri ya sita ya Mungu, “Usiue”, basi mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaingia jeshini na kuwa mhudumu wa majeruhi.

Kambini ndiko alikoonja machungu. Akipiga magoti kando ya kitanda kusali, wenzake walimrushia viatu. Wakubwa wakataka kumwachisha jeshi kwa madai kwamba akili zake si timamu. Akagoma, maana kukubali kungekuwa sawa na kusema imani yake ni wazimu. Mimi si Msabato, lakini hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kudharauliwa miezi na miezi na watu unaokula nao kunataka moyo mgumu kuliko risasi za saa chache.

Tarehe 5 Mei 1945 ilikuwa Jumamosi, Sabato yake. Kombania yake ilikuwa juu ya jabali refu la Maeda, kisiwani Okinawa. Wajapani walipowazidi nguvu, walioweza kurudi walirudi. Doss akabaki na walioanguka. Akawakokota mmoja mmoja hadi ukingoni na kuwateremsha kwa kamba. Mwenyewe alisimulia kwamba fundo lile alilipata mazoezini kwa bahati: aliikunja kamba mara mbili, yakatoka matanzi mawili badala ya moja. Huku mguu mmoja, huku mwingine, kisha kamba inazungushwa kifuani. Alipomwomba Mungu, aliomba apewe mmoja tu zaidi wa kuokoa. Baadaye yeye alikadiria watu 50, wakubwa wake wakasema 100, ikaandikwa 75.

Tarehe 21 Mei akaumizwa miguu na bomu la mkono. Akajifunga vidonda mwenyewe, akangoja kwa muda wa saa 5 mpaka wenzake walipomfikia na machela. Njiani akamwona mwingine aliyeumia vibaya zaidi. Akajitupa chini kutoka kwenye machela, akawaambia wambebe yule. Alipokuwa akingoja tena, risasi ikamvunja mkono. Akaufunga kwa kitako cha bunduki ili usicheze, akatambaa.

Oktoba mwaka huohuo Rais Truman alimvisha Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote za kijeshi za Marekani. Furaha ile haikumaliza mateso: kifua kikuu alichotoka nacho vitani kilimgharimu pafu moja na mbavu 5. Alifariki mwaka 2006.

Kama bado kuna mwenye shaka, awasikilize waliokuwa naye. Akiwa kwenye meli ya hospitali, Doss aligundua kwamba Biblia ndogo aliyopewa na mkewe, Dorothy, imebaki vitani. Habari zikaifikia kombania. Askari wale, walewale waliokuwa wakimcheka akiisoma, wakarudi kupekua ardhi ile mpaka wakaipata, wakamtumia nyumbani.