Ghala la Chuma kwa Ajili ya Mahindi

Swali: Mimi ni mkulima wa Makambako. Ninataka ghala la mahindi lenye upana wa mita 12, na nimeshauriwa kununua jengo la chuma linalotengenezwa kiwandani na kufungwa kwa bolti hapa shambani. Je, litafaa kwa baridi yetu?

Jibu: Litafaa, ndugu msomaji, kwa kuwa fremu za chuma huvuka upana huo bila nguzo ya katikati. Lakini baridi uliyoitaja ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Usiku bati hupoa upesi, na mvuke uliomo ndani hugeuka matone upande wake wa chini. Asubuhi utayakuta yamening'inia kwenye vichwa vya skrubu, yakidondokea magunia, na gunia lililolowa huota ukungu unaoweza kuleta sumukuvu. Kwa hiyo omba paa liwekewe tabaka la kuzuia joto na baridi tangu mwanzo, pamoja na matundu ya hewa, na usiingize mahindi ambayo unyevu wake umezidi asilimia 13.5.

Kuhusu msingi ninasisitiza, maana nimeona kazi ikikwama hapo: bolti za nguzo huzikwa kwenye zege kabla fremu haijasimamishwa, na zikihama sentimita 2 tu, matundu ya kitako cha nguzo hayatazipokea. Fundi azishike kwa kiolezo cha ubao, apime kona kwa kona, kisha arudie kupima kabla zege halijashika. Michoro itoke kwa mhandisi aliyepima udongo wako na anayezingatia upepo wa hapo, kwani jengo jepesi kama hili huweza kung'olewa na upepo lisipofungwa vizuri chini.