Marburg imekwisha, mume wangu bado analala sebuleni

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Mume wangu kwao ni Bukoba, mkoani Kagera. Januari 2025, ilipotangazwa kuwa Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, imeingia Kagera, mama mkwe alikuwa tayari amekata tiketi ya meli kuja kwetu kutibiwa macho. Nilimsihi mume wangu amwambie asubiri, akakataa. Mama akafika tarehe 24, siku nne tu baada ya tangazo.

Nilichofanya mimi ni tahadhari. Nilimtengea sahani na kikombe, nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kisije kikachanganywa na vyetu. Nilimtandikia stoo. Watoto niliwakataza kumsogelea. Akiinuka kwenye kochi, nilipangusa kwa klorini. Dada wa kazi ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na kumfulia. Ndizi alizoleta nilizitupa, maana nilisoma kuwa popo hula matunda.

Usiku wa tatu akashikwa na homa. Nikarusha sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao ili wajihadhari. Asubuhi walimpeleka hospitali, ikaonekana ni malaria, lakini mimi ningejuaje? Hakurudi kwangu. Alikwenda kwa binti yake Igoma, akamaliza matibabu, akarudi kwao. Tangu siku hiyo mume wangu analala sebuleni, anaongea nami habari za ada na gesi tu. Anasema simu imeniharibu.

Sasa nasikia mpox, ule ugonjwa wa vipele, nayo imeingia. Silali. Saa 8 usiku bado nasoma, moyo unanienda mbio. Huyu mama hakuwahi kunipenda. Siku ya harusi alisema mwanawe angeoa kwao. Nifanyeje mume wangu aelewe kuwa nilikuwa nailinda familia yake?
Mama wa Wawili, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi. Moyo kwenda mbio usiku wa manane ni mateso, na nitayarudia. Lakini barua yako ilikuwa na kurasa nne, nami kabla ya kuifupisha niliisoma mara tatu. Mama mkwe umemtaja mara 14. Homa umeitaja mara moja. Na katika kurasa zote nne hukuandika popote kama yule mama aliyepanda meli kuja kutibiwa macho sasa anaona.

Mimi niko upande wa mume wako. Nalisema mapema ili usisome huku ukisubiri nikutetee.

Haki yako nakupa kwanza, maana unayo. Wiki ile ya Januari ilimchanganya kila mtu. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna wagonjwa wanaoshukiwa Kagera. Siku mbili baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia akasimama Dodoma, Dkt. Tedros wa shirika hilo akiwa pembeni yake, akathibitisha kuwa imepatikana. Ndani ya siku saba tuliambiwa ipo, haipo, ipo. Nasi tulikuwa bado na kidonda cha mwaka 2020, takwimu za korona zilipokatika mwishoni mwa Aprili tukajizoesha kuishi kwa fununu. Aliyeogopa wiki ile simlaumu. Hata kumwomba mgeni aahirishe safari halikuwa kosa, kama uliomba kwa adabu.

Kosa lilianza alipovuka kizingiti chako.

Marburg haisafiri hewani. Mtu huipata kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya anayeumwa au aliyekufa nayo, au nguo na matandiko yaliyochafuliwa na hayo. Asiye na dalili haambukizi. Kwa hiyo siku zile mbili za kwanza, mama akiwa mzima, hapakuwa na cha kupangusa kwenye kochi. Kilichohitajika ni kipimajoto asubuhi na jioni mpaka zitimie siku 21, maana dalili hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 21. Na kilihitajika kiti cha kukaa naye umuulize: "Mama, huko ulikotoka kuna mgonjwa uliyemhudumia? Kuna msiba ulioenda?" Maswali mawili tu. Wagonjwa walikuwa Biharamulo, kusini mwa mkoa. Bukoba iko kaskazini, ziwani. Hukumuuliza chochote.

Na laiti ungemuuliza. Mwaka 2023 Marburg ya kwanza kabisa nchini ilizuka kwao huko huko Bukoba. Ilitangazwa tarehe 21 Machi ikatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Waliougua walikuwa 9, waliokufa 6. Ule mlipuko ulipita mbele ya mlango wa yule mama. Katika nyumba yako nzima, aliyewahi kuishi karibu na ugonjwa huo alikuwa mmoja tu, na ndiye uliyemlaza stoo.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoiandika kwa haraka ukapita: "Dada wa kazi ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na kumfulia." Hapo nilisimama nikavua miwani. Mwanangu, ama uliamini yule mama ana Marburg, ama hukuamini. Kama uliamini, basi ulimtuma binti wa watu akashike nguo zenye jasho la mgonjwa, na katika kurasa nne sikuona glavu ikitajwa. Watoto wako uliwaondoa, mikono yako uliiondoa, wake ukauingiza. Na kama hukuamini, basi ule uzi mwekundu haukuwa wa ugonjwa. Chagua mwenyewe; kila upande una aibu yake.

Mimi nadhani hukuamini sana. Nadhani siku ya harusi ilikuwa bado imekukaa kooni. Neno la mama mkwe lilikuuma, nami sikatai, lilikuwa neno baya. Ugonjwa ulipotangazwa ukapata ruhusa ya kumtenga mtu uliyekuwa umekwisha kumtenga moyoni. Tahadhari ya kweli haina jina la mtu: ingekuwa kunawa mikono kwa wote, kipimajoto kwa wote, kikombe cha kila mmoja kuoshwa vizuri. Ya kwako ilikuwa na jina.

Hebu kitazame kile kikombe kwa jicho lake. Mama mzima, ukungu machoni, anaamka asubuhi nyumbani kwa mwanawe, anapapasa kutafuta chai. Vikombe vyote vya rafu ile ni vyeupe. Chake kimefungwa uzi, kimewekwa peke yake karibu na ndoo. Macho yale mabovu yaliuona uzi mwekundu. Wajukuu wanasema shikamoo kutoka mlangoni. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe ulimpokea kana kwamba ndiye atakayewaua.

Ndizi zilihitaji kuoshwa, kumenywa na kupikwa, basi. Tunda lililoumwa na popo ndilo la kutupa. Mtu hujiweka kwenye hatari zaidi akiingia na kukaa kwenye mapango au migodi wanamoishi popo wale wa matunda. Mkungu ule ulipanda meli na mtu asiyeona vizuri, akiuburuta kwa ajili yako. Mume wako, nina hakika, aliukuta kwenye pipa.

Tuje kwenye homa. Homa ya mtu aliyetoka Kagera mwezi ule ilistahili uzito wote. Dalili za mwanzo za Marburg, homa kali, kichwa kuuma sana, mwili kuvunjika, zinafanana mno na za malaria, na hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kutazama tu. Ndiyo maana kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, bure, mchana na usiku. Ungepiga usiku ule ule, ukasema ametoka wapi na lini, wangekuelekeza. Lakini ulishika simu ukarusha sauti kwenye kundi la ukoo, na hospitali ikasubiri asubuhi. Unaniambia "wajihadhari". Wajihadhari na nini, nao wako Bukoba na Dar es Salaam, mgonjwa yuko stoo kwako? Sauti ile haikumkinga mtu. Ilimtangaza mama mbele ya ndugu na wakwe zake kuwa ni mgonjwa wa Marburg, naye amelala chumba cha pili anaisikia kupitia ukuta.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu fedheha ya namna hiyo inaua. Mlipuko wa Biharamulo ulihesabu watu 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote 10 walikufa. Rwanda, iliyotangaza Marburg yake Septemba 2024, ilikuwa na wagonjwa 66 na vifo 15. Ugonjwa hauna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa, lakini mgonjwa akifikishwa mapema, akaongezewa maji na kuangaliwa kwa karibu, wengi huokoka. Mtu hufika mapema akijua hatafungiwa uzi. Dada yangu mkubwa mwaka 2020 alikohoa wiki mbili akijificha chumbani, akiogopa majirani kuliko ugonjwa. Tulimfikisha hospitali akiwa hawezi kusimama. Alipona, lakini sitasahau alivyoniambia njiani: "Msiseme nimeanza lini."

Mume wako anasema simu imekuharibu. Ndoa za siku hizi zina mtu wa tatu kitandani, ana kioo kinachowaka. Zamani habari mbaya iliingia nyumbani kwa mlango, jioni, mume na mke wakaijadili wakila: hii kweli, hii chumvi. Leo kila mmoja anaogopa peke yake chini ya shuka, na asubuhi wanagombana kwa hofu walizozipata sehemu mbili tofauti. Watu hujitetea kuwa lisemwalo lipo. Mimi kwenye maradhi siikubali methali hiyo hata kidogo. Linalosemwa kundini huenda halipo kabisa, au lilikuwepo nchi nyingine mwaka jana. Picha ya Kigali ya Oktoba inaweza kukufikia Januari bila tarehe, ukaapa ni Mwanza.

Kwa hiyo kuhusu mpox nakuagiza hivi. Simu ilale sebuleni, wewe ulale chumbani. Habari za ugonjwa zisome mara moja kwa siku, mchana, au sikiliza taarifa ya saa 2 usiku pamoja na mume wako, kisha basi. Sauti isiyo na jina la msemaji wala tarehe, futa, usimtumie mtu hata kwa kuuliza "hii ni kweli?", maana ukiuliza hivyo umekwisha kuisambaza. Tafuta taarifa ya wizara yenye tarehe na saini. Ukweli ni huu: tarehe 10 Machi 2025 Jenista Mhagama, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alitangaza wagonjwa wawili wa kwanza waliothibitishwa. Mpox huambukizwa zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mwenye vipele, au kutumia taulo na matandiko yake. Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne. Nawa mikono, kila mtu awe na taulo lake, mwenye vipele na homa aende kituo cha afya. Ukimaliza hayo umemaliza. Kusoma saa 8 usiku hakuongezi kinga yoyote.

Moyo ukiendelea kwenda mbio na usingizi ukigoma hata simu ikiwa mbali, nenda hospitali ya mkoa uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Wasiwasi uliozidi unatibika, na si aibu. Hilo nalisema kwa upendo kabisa, kwa sababu katikati ya makosa yako yote naona mtu anayeteseka.

Sasa mume. Umeniuliza afanywe nini ili aelewe. Mwanangu, ameelewa tangu Januari. Serikali ilihesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya zile 21, ikatangaza tarehe 13 Machi kuwa Marburg imekwisha. Yeye bado anahesabu. Lakini tazama vizuri: hakuhama nyumba. Analala sebuleni, analipa ada, anajaza gesi. Mwanamume aliyekata tamaa halali kwenye kochi lililopanguswa klorini nyuma ya mama yake. Anasubiri neno, na neno hilo si "nilikuwa nawalinda". Mwambie: "Nilimdhalilisha mama yako, na nilijua." Usiongeze "lakini". Usitaje harusi siku hiyo. Harusi ina siku yake, na siku hiyo nitakusimamia.

Kwa mama nenda mwenyewe. Usimtumie sauti, sauti yako moja ilimtosha. Wale wa kundini ndio uwaandikie, maneno machache: nilikosea, mama alikuwa na malaria, naomba radhi mbele yenu kama nilivyomsema mbele yenu. Kisha panda meli ya Bukoba na watoto shule zikifungwa, na ukifika umuulize macho.

Kabla ya yote hayo kuna mtu mmoja ambaye mume wako hajamdai, na mama mkwe hajamdai, kwa sababu hakuna aliyemkumbuka. Yuko hapo jikoni kwako, huenda anaosha vyombo ukisoma haya. Weka simu chini uende ukamwombe radhi yule binti leo.