Bogenvilia au mkangazi? Nilivipanda pamoja, nikajuta

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amehamia nyumba yake mpya, mbele ya baraza ni jua tupu kuanzia saa nne asubuhi, na nguvu alizonazo ni za kutunza mche mmoja tu. Je, apande bogenvilia, ule mmea wa miiba unaopanda na kujaa rangi, au mkangazi, mti mkubwa wa jamii ya mahogani? Nilimjibu "mkangazi" nikaweka simu chini. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu jibu hilo la neno moja mimi lilinigharimu miaka 11, na sikumweleza hata robo yake.

Najua anachokitaka, kwa sababu ndicho unachokitaka hata wewe unayesoma hapa: kivuli cha kukaa na watu mchana, na rangi ya kumfanya mpita njia ageuze shingo. Mimi nilivitaka vyote viwili kwa mpigo. Kwenye kitalu nilichukua mche wa bogenvilia uliokuwa tayari umejaa maua ya zambarau ndani ya kifuko chake, nikachukua na mche wa mkangazi wenye majani sita. Nilivipanda siku moja, hatua moja kati ya kimoja na kingine. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa nzuri sana: mkangazi utapanda juu, bogenvilia itaufuata, na siku moja nitakuwa na mti mkubwa uliovaa maua kuanzia kiunoni hadi kileleni.

Mwaka wa kwanza bogenvilia ilinipa kichwa. Kila mgeni aliisifia. Chukua ua lake moja uliangalie kwa karibu, maana wengi wetu tunalisifu bila kulijua. Ile rangi si ua. Ni vijani vitatu vyembamba kama karatasi, na kwenye mshipa wa kati wa kila kimoja pameshikilia kijiua cheupe, kirefu kama msumari mdogo. Hicho ndicho ua lenyewe. Vijani vya rangi vipo kuwaita wadudu. Mmea huu kwao ni Amerika ya Kusini, na jina lake ni la Louis-Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Kwenye safari hiyo alikuwepo Jeanne Baret, msaidizi wa mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson. Baret alivaa nguo za kiume ili apate nafasi melini, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ua likabeba jina la nahodha. Kila nikipogoa bogenvilia yangu namkumbuka huyo mama.

Mkangazi mwaka huo haukusifiwa na mtu. Ulitoa majani machanga yenye wekundu wa shaba, nikafurahi peke yangu, kisha asubuhi moja nikakuta kichomozo chake kimelala kama mtu aliyekatwa shingo. Nilikishika, kikavunjika mkononi. Ndani kulikuwa na tundu, na mdomoni mwa tundu kuna unga wa kahawia ulioshikana kwa nyuzi laini. Nilipochana kwa wembe nikamkuta kiwavi. Ni mtoto wa nondo anayeandama jamii yote ya mahogani: hutoboa ncha ya mti mchanga, ncha ikafa, na mti ukatoa vichomozo vitatu au vinne vinavyogombania nafasi iliyoachwa. Mti hausafiri tena juu, unageuka kichaka.

Siku hiyo hiyo kaka yangu mkubwa alikuja kunisalimia. Akasimama mbele ya mche wangu, akautazama, akasema, "Mdogo wangu, kivuli cha huu mti utakikalia ukiwa kaburini." Wote waliokuwepo wakacheka. Nami nilitabasamu, lakini neno lile lilinichoma, na ubaya wake ni kwamba niliruhusu liniongoze. Tangu siku hiyo nikawa napeleka moyo wangu wote kwa bogenvilia, kwa sababu yenyewe ilikuwa hainiaibishi mbele za watu. Mkangazi niliuachia maji tu.

Na hapo kwenye maji ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa limejificha. Mkangazi mchanga hupenda maji, hasa miezi ya kiangazi ya miaka miwili ya mwanzo, kabla mizizi haijaenda chini. Bogenvilia iliyokwisha kushika hutaka kinyume chake. Inataka jua la saa sita na zaidi kwa siku, udongo usiotuamisha maji, na kiu. Ndiyo, kiu. Ukiinywesha kila siku na kuilundikia samadi, inashiba na kutoa majani na miiba. Mimi nilikuwa namwaga ndoo mbili jioni kwa ajili ya mkangazi, na bogenvilia, hatua moja tu pembeni, inakunywa mgao wote wawili. Mwaka wa pili haikutoa hata ua moja, lakini ilitoa fito ndefu kuliko mimi, na fito zikatafuta pa kuegemea.

Bogenvilia haina vikono vya kujisokotea kama mimea mingine inayopanda. Inajirusha, inaegemea, na miiba yake inashikilia kama ndoana. Kilichokuwa karibu ni mkangazi wangu mchanga. Nilipokuja kushtuka, mti ulikuwa umepinda kama upinde, kilele kimezama ndani ya kichaka cha miiba, majani ya chini yamekuwa manjano kwa kukosa mwanga. Mti uliozaliwa kuwa na mbao ngumu, ambao msituni hufika mita 60, ulikuwa unazikwa na kitu nilichokileta kiwe pambo lake.

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikachukua panga na mkasi. Kazi ile ilinichukua siku mbili, na mikono iliwaka upele wiki nzima, kwa hiyo vaa nguo za mikono mirefu na glavu ngumu, usinifanyie ushujaa. Nilijaribu kuing'oa bogenvilia na shina lake niihamishie kwingine, ikafa. Mizizi yake haipendi kabisa kusumbuliwa. Kabla haijafa nilikata vipande vya tawi vyenye unene wa penseli, urefu wa kiganja, nikavichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo. Viwili vilichipua.

Mkangazi niliufunga kwenye nguzo kwa kamba laini, nikauinua kidogo kidogo kila wiki. Katika vile vichomozo vinne nilichagua kimoja kilichonyooka, nikavikata vitatu. Nilivikata kwa uchungu, kwa sababu vyote vilikuwa na afya. Lakini wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na mti wa kivuli hunyooshwa ukiwa bado unakufika kifuani. Ukishakupita, umekupita. Kila Jumamosi nilikagua ncha yake. Nikiona unga wa kahawia, nakata papo hapo chini ya tundu, namtoa kiwavi, naacha kichomozo kipya kimoja.

Miaka iliyofuata sina la kusimulia. Nilimwagilia, nikatandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, basi.

Mwezi uliopita nilitoa kiti mchana wa saa saba nikakaa chini yake. Mkangazi umepita paa la nyumba. Kivuli chake ni kizito, si cha vidoa vidoa, na ukikaa dakika chache unasikia ubaridi ambao bati au turubai haliwezi kukupa. Bati linazuia jua kisha lenyewe linapata moto na kukushushia. Mti unanyonya maji ardhini na kuyatoa hewani kupitia majani, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Kaka yangu naye alikuja. Hakusema kitu. Alisogeza kiti chake kivulini, akakaa pale hadi alasiri, nami sikumkumbusha neno lake. Nilitaka sana kumkumbusha.

Sasa nisikilize, wewe uliyeniandikia na wote mnaokwenda kitaluni msimu huu. Acheni kununua kwa macho. Mche wenye maua kwenye kifuko umechanua kwa sababu mizizi yake imebanwa, na mara nyingi ukiupa nafasi na maji utanyamaza. Bogenvilia inaweza kukupa kivuli, sikatai, lakini ni kivuli cha kujengewa: inataka kichanja imara, inataka kufungwa, na kwa kuwa huchanua kwenye matawi mapya lazima uipogoe kila baada ya maua. Unapoipogoa ili ichanue, kivuli nacho kinakwenda. Mkangazi hauhitaji kichanja. Unahitaji wewe uvumilie kuchekwa.

Panda mti kwanza. Upe sehemu bora ya uwanja, mbali na ukuta. Wangu uko mita 10 kutoka nyumba, na mizizi imeanza kuinua sakafu ya nje, ningekuwa napanda leo ningekwenda 15. Usiusogezee mmea wowote wa kupanda miaka yake yote ya utoto. Na usisubiri mti uwe mkubwa ndipo ulete bogenvilia chini yake, kwani kivuli kile kile unachokipenda kitakunyima maua, kama kilivyoninyima mara ya pili nilipojaribu. Panda mti kwanza, nasema tena, hata kama mwaka huu hakuna atakayekupongeza. Tunajenga nyumba za kuwaachia watoto, halafu uwanjani tunapanda vya kupendeza mwezi ujao tu! Tubadilike.

Kuhusu maua, usihuzunike. Vile vipande viwili vilivyochipua nimevipanda kwenye ukuta wa magharibi, upande wa pili wa nyumba, penye jua kali na udongo wa kichanga. Siku za mwanzo nilivipa maji mpaka vikashika. Sasa ni wiki ya tatu sijamwaga hata kikombe, majani yamenywea kidogo mchana, na leo asubuhi kwenye ncha za matawi nimeona vijani vya kwanza vikianza kugeuka zambarau.