Re: Mwanangu wa miaka 8 anafundishwa kinanda nyumbani, mi sijui noti, nimsaidieje?

Mama, kutojua noti sio shida kabisa, we kaa naye tu dakika 15 kila jioni, maana akibanwa masaa mawili Jumamosi pekee wiki nzima kashasahau. Mwombe mwalimu aandike kwenye daftari wiki hii wanakazania nini, halafu msikilize, akikwama asirudie wimbo mzima toka mwanzo, arudie pale pale alipokosea, mkono wa kushoto kwanza peke yake, polepole. Kinanda kikae sebuleni kimechomekwa, kikiwekwa juu ya kabati hakiguswi! Na kama kwaya ya kanisani kwenu inatumia solfa mpeleke mazoezini akae karibu na mpiga kinanda, do re mi atazishika haraka sana.